Vitz: Gari Ambalo Serikali Haikutuundia

Nairobi kuna mzaha usiozeeka. Ukitangaza kwamba umenunua gari, kabla ya kupewa hongera utaulizwa, "Si ni Vitz?" Ukikubali, meza nzima inacheka, wakiwemo watu watatu waliokuja hapo kwa matatu na mmoja aliyeletwa na Vitz ya teksi. Ni kicheko cha ajabu, kwa sababu hilo gari dogo linalodharauliwa limefanya jambo ambalo serikali yetu ilijaribu kulifanya kwa mbwembwe nyingi ikashindwa. Lilimpa usukani mtu wa mshahara wa kawaida.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1970 na 1980, gari jipya la Mkenya mara nyingi lilikuwa limeunganishwa hapa hapa, katika viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa. Vipuri vilikuja vimefungwa kwenye makasha, mafundi wetu wakavikaza. Peugeot 504 ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za wazee wetu: gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya, la mfanyabiashara wa kahawa, na gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Gari zuri sana. Lakini si la kila mtu. Kuagiza gari kutoka nje kulihitaji leseni, na pesa za kigeni zilitolewa kwa kibali. Kama hukuwa na cheo, mkopo wa mwajiri au mjomba mahali fulani, ulipanda basi ukanyamaza.

Mwaka 1986, Rais Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Inavyosimuliwa, aliwaambia hata likiwa baya na la polepole, mradi liwe letu. Wakaunda. Magari matano ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalizinduliwa Kasarani mwaka 1990, bendera zikipepea. Wazo la kuyatengeneza kwa wingi likafa kwa kukosa pesa. Wengi hulicheka gari hilo, mimi silicheki. Wahandisi walifanya kazi yao. Lililokosekana ni kila kitu kinachokuja baada ya sherehe: mtaji, mashine, na mtu wa kulinunua.

Mlango ulifunguliwa kwingine. Mwaka 1993, leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa na masharti ya pesa za kigeni yakalegezwa. Ghafla yeyote mwenye akiba angeweza kuagiza gari lililotumika, na meli zikaanza kushusha Mombasa Corolla, Sunny na Starlet, nyingine zikiwa zimepitia Dubai. Viwanda vya hapa vililia, na vilikuwa na sababu ya kulia. Mnunuzi hakulia hata kidogo.

Lakini mbona Japani? Watu husema Wajapani hawapendi vitu vya zamani. Hiyo ni hadithi ya kijiweni. Jibu lenyewe liko kwenye makaratasi. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Kila ukaguzi una ada, kodi, bima, na matengenezo ukikutwa na kasoro. Gari dogo linapofika mwaka wa saba au wa tisa, gharama ya kulipitisha inaanza kukaribia bei yake sokoni. Mwenyewe analitoa, analipeleka kwa muuzaji, linaingia mnadani. Halafu kuna bahati ya usukani. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, ambao tulirithi desturi hiyo kwa Mwingereza. Kwa hiyo gari ambalo kule limekuwa mzigo linafika hapa likiwa na usukani mahali panapofaa na historia ya kukaguliwa. Hatukulichagua kwa ujanja wetu. Sheria za nchi mbili ziligongana, sisi tukasimama mahali pazuri.

Vitz ilizaliwa Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na kule Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris na kutwaa tuzo ya gari bora la mwaka 2000. Ndiyo, hiyo hiyo unayoicheka. Ilikuwa fupi kwa nje na pana kwa ndani, injini ya lita moja, uzito usiofika tani, na mita zimewekwa katikati ya dashibodi kama saa ya ukutani. Toleo la 2005 lilileta injini ya silinda tatu, ile inayotetemeka kidogo ukisimama kwenye taa za barabarani. Wageni wa Vitz hudhani gari ni gonjwa. Si gonjwa, ndivyo silinda tatu zilivyo. Wenzake, March, Demio na Fit, walikuja na meli zile zile, na Fit nadhani ina nafasi nzuri zaidi kwa nyuma. Lakini jina la Vitz ndilo lililogeuka kuwa aina nzima ya gari, kama vile watu wanavyosema Blue Band wakimaanisha siagi yoyote ya mkate.

Serikali, iliyoshindwa kutuundia gari, haikushindwa kulihesabu. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kiliweka mpaka: gari linaloingia lisizidi miaka 8. Kila Januari mosi mlango unasogea mwaka mmoja, na ndiyo sababu kila Desemba waagizaji wanakimbizana na meli kama wanafunzi na lango la shule. Watanzania hawana mpaka huo, wao hutoza ushuru zaidi kwa gari kuukuu, ndiyo maana barabara za Dar zimejaa IST ambazo hapa haziwezi tena kushushwa.

Kisha ikaja Desemba 2015, na hapa ndipo nadhani historia ya gari hili inauma. Hadi wakati huo ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 20. Sheria mpya ikaufuta na kuweka kiasi kimoja kwa wote: shilingi 200,000 kwa gari lolote lililozidi miaka mitatu. Piga hesabu. Vitz yenye thamani ya forodha ya 300,000 ilikuwa ikilipa ushuru wa forodha 75,000, kisha asilimia 20 ya jumla hiyo, yaani 75,000 nyingine. Sasa ile 75,000 ya pili ikawa 200,000. Prado yenye thamani ya milioni 3 ilikuwa ikilipa ushuru wa bidhaa 750,000. Nayo ikashuka hadi 200,000 ile ile. Kwa maneno mengine, gava iliongeza mzigo wa mwalimu kwa 125,000 na kumpunguzia mwenye Prado 550,000, halafu ikaita hilo kurahisisha ukusanyaji. Kelele zilipigwa, na katika bajeti ya 2016 waziri Henry Rotich akarudisha asilimia 20. Miezi michache tu, lakini aliyeagiza gari katika miezi hiyo hakurudishiwa chochote. Baadaye magari ya injini kubwa kuliko cc 1500 yakapandishwa hadi asilimia 25. Hapo angalau mwenye injini ndogo alipumua.

Mwaka huo huo wa 2015 Uber iliingia Nairobi, na gari la kwenda sokoni likageuka kuwa ajira. Vijana wengi walichukua mikopo wakanunua Vitz kuziendesha usiku kucha. Nauli ziliposhushwa, mkopo haukushuka, na wengine walinyang'anywa magari. Kwa mnunuzi wa leo hiyo ni habari ya kuzingatia: Vitz inayouzwa na jirani inaweza kuwa imefanya kazi ya teksi kwa miaka minne kabla ya kuoshwa na kupigwa picha. Kiti cha dereva kilicholala, pedali za breki zilizong'aa kwa kukanyagwa na usukani uliochubuka havisemi uongo, hata mita ikisema kilomita 60,000.

Kwa lile linaloshuka melini, omba karatasi ya mnada yenyewe, si maneno ya broka. Gredi 4 ni gari zuri, 3.5 linavumilika, na R maana yake liligongwa likatengenezwa. Mchoro wa bodi unaonyesha hata mikwaruzo. Likiwa na gia za CVT, uliza oili yake ilibadilishwa lini, na ya aina gani, kwa sababu fundi akimimina oili ya gia za kawaida utajuta ukipanda mlima wa Limuru. Spea hazikosekani: Kirinyaga Road utapata taa, shoki, hata bampa ya rangi yako. Hilo peke yake lina thamani kuliko kiyoyozi.

Jina lenyewe limeshakufa. Februari 2020, Toyota iliacha kuita gari hilo Vitz hata kwao, likawa Yaris kila mahali. Maana yake, mpaka wa miaka 8 usipobadilishwa, Vitz chache za mwisho zilizosajiliwa mwanzoni mwa 2020 zinaweza kuingia Mombasa hadi mwisho wa 2027. Baada ya hapo atakayetaka Vitz ataitafuta humu humu nchini, kwa namba za KCA na KDB, kwa mtu wa pili au wa tatu, zikiwa zimepita kwenye mashimo yetu na mikononi mwa mafundi wetu. Na hazitakuwa na karatasi yoyote ya mnada.