Jiwe Niliweka Mfukoni

Kuna jiwe limekaa kwenye droo yangu tangu mwaka jana. Jeusi, linang'aa kama kipande cha chupa, ni fupi kuliko kidole changu kidogo, na ukilipitisha kwenye karatasi linakata. Nilikuwa nadhani ni langu. Wacha niwaambie vile lilinifikia, na njiani nitawapa historia ya Nakuru ambayo naamini wengi wenu hamkufunzwa, juu hata mimi sikufunzwa na nimekaa darasani miaka mingi kabla nitoke.

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo, na pia kuchoka, tusidanganyane. Nikarudi nyumbani Nakuru. Mathe hakuuliza kitu, na manze, ingekuwa rahisi kama angeuliza. Nilikuwa na simu na tripodi, nikaanza kufanya video za historia ya mitaa. Hapo ndipo nikaalikwa na kikundi cha watu wa kujitolea ambao Jumamosi wanaenda kutafuta mabaki ya kale. Usifikirie kina Indiana Jones. Kiongozi ni mwalimu mstaafu mwenye magoti mabaya. Kuna nesi, kuna msee wa boda, kuna madem wawili wamemaliza kidato cha nne wanangoja matokeo. Hakuna mwenye digrii ya akiolojia.

Siku ya kwanza nilibeba jembe. Walinicheka mpaka nesi akakaa chini.

Kwa sababu hatuchimbi. Kenya kuna sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi, na bila kibali huruhusiwi kuchimba wala kuhamisha vitu vya kale. Kile tunafanya ni kutembea. Mwenye shamba akikubali, na shamba likiwa limelimwa juzi na mvua imeosha udongo kidogo, tunajipanga mstari, kila mtu hatua chache kutoka kwa mwenzake, macho chini, tunaenda pole pole kama watu wamepoteza pete. Ukiona kitu unasimika kijiti. Unapiga picha na rula kando yake, unaandika mahali simu inakuonyesha uko, unakiacha hapo hapo. Watafiti wakija na vibali vyao ndio tunaitwa kusaidia kuchekecha udongo na kuosha vipande kwa mswaki. Jua ni kali, malipo ni chai. Mara nyingi unapata kizibo cha soda.

Sasa cheki Hyrax Hill. Ni kilomita chache tu kutoka tauni, umeipita kwa matatu ukienda Nairobi mara mia na hujawahi kushuka. Jina ni la pimbi, wale wanyama wanakaa kwenye mawe. Louis Leakey alipaona mwaka wa 1926, na Mary Leakey akachimba 1937 na 1938. Walipata makaburi ya wafugaji wa kale sana, na wanawake walikuwa wamezikwa na vyombo vya mawe, sahani na bakuli zilizochongwa. Juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yamechongwa. Watu walikaa hapo wakicheza bao, wakitazama ziwa. Hiyo peke yake ilinitosha kurudi mara tatu.

Lakini kilichonishika zaidi ni mabonde madogo ya mviringo, yanaitwa mashimo ya Wasirikwa. Ukiwa umekulia Bonde la Ufa umewahi kusikia wazee wa Kikalenjin wakitaja Wasirikwa, watu waliokuwa na ng'ombe wengi kabla ya wengine. Watafiti wa zamani waliangalia hayo mashimo wakasema ni nyumba, ati watu waliishi ndani ya shimo. Miaka ya 1980 John Sutton akachimba tena, akaangalia vizuri tabaka za udongo. Ni zizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, nyumba ya watu ilikuwa imeunganishwa ubavuni, na kile kichuguu kando ya mlango ni samadi na matope waliyokuwa wakizoa na kutupa nje. Samadi! Picha yote ya jinsi watu walivyoishi ilibadilika kwa sababu ya samadi iliyokaa mahali pake bila kuvurugwa.

Shikilia hiyo, kwa sababu sasa tunafika kwa jiwe.

Ilikuwa Jumamosi yetu ya nne au ya tano, shamba la mama mmoja nje ya mji. Niliona kitu kinametameta. Hilo jiwe linaitwa obsidiani, kioo kinachotoka kwa volkano, na sisi tumekalia hazina yake: Naivasha na mlima Eburru. Kila mlima una alama yake ya kemikali, kwa hivyo mtaalamu akilipima anajua limetoka wapi. Obsidiani ya huku kwetu imepatikana hadi Serengeti, Tanzania, kwenye makazi ya wafugaji wa miaka elfu mbili, tatu iliyopita. Kulikuwa hakuna barabara wala gurudumu. Mtu alimpa mtu, akampa mtu. Na langu lilikuwa limechongwa kuwa wembe, kingo zote mbili, kazi safi.

Sikusimika kijiti. Nililiweka mfukoni.

Jioni nikafanya video. Nikalipitisha kwa karatasi, karatasi ikakatika, nikasema "kisu cha miaka elfu tatu", na nyuma yangu kwenye klipu ya asubuhi ile unaona tangi la maji na kona ya barabara ambayo kila mtu wa upande huo anaijua. Hata hiyo miaka elfu tatu niliibuni, juu hakuna mtu alikuwa amelipima. Ile video ilienda kuliko zote nimewahi kutoa. Mathe aliitumiwa na dadake kutoka Eldoret, akanijia jikoni akiwa na simu mkononi, akasema, "Kumbe ndiyo hii kazi unafanya." Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimeisubiri hiyo tabasamu mwaka mzima.

Baada ya siku tisa mwalimu akanipigia. Watu walikuwa wameingia usiku kwenye lile shamba wakachimba. Sijui walitafuta nini, dhahabu, mali ya mkoloni, zile stori mnazijua. Mashimo kumi na moja, niliyahesabu mwenyewe. Mahindi yalikuwa yameng'olewa. Na kwenye ukuta wa shimo moja ungeona udongo mweusi, mwekundu na jivu vimechanganywa kama githeri. Kama kulikuwa na tabaka hapo za kumwambia mtu kitu, zimeisha.

Nilienda kuomba msamaha. Yule mama alinisikiza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Kijana wangu, mimi nilikufungulia geti." Basi. Hakupiga kelele. Kikundi hakijaruhusiwa kurudi, na simlaumu.

Mwalimu naye hakunifukuza. Alinikalisha akaniambia stori ya Kamoya Kimeu, na naomba muitafute. Mkamba wa Makueni, shule aliishia ya msingi, akaanza kufanya kazi na kina Leakey mwaka wa 1960. Mwaka wa 1984, siku ya mapumziko, wenzake wamelala, akaenda kutembea Nariokotome huko Turkana na akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi karibu ile ile. Ndio huyo Turkana Boy, mifupa ya miaka kama milioni 1.5. Mwaka uliofuata Reagan alimkabidhi medali White House. Digrii ya heshima ilimfikia 2021 kutoka chuo cha Marekani, na 2022 akafariki.

Nilidhani mwalimu ananipa moyo, ile ya "ona, hata yeye hakuwa na digrii". Nikamwambia hata Mary Leakey hakuwa nayo, alifukuzwa shule mara mbili. Akasema, "Sikuambii hivyo. Nakuuliza, Kamoya alipookota angeweka mfukoni, leo tungejua nini?"

Na kusema ukweli hizo stori za waliotoka shule wakafaulu zinanichosha. Mary alikuwa na kipaji cha kuchora na mume mwenye jina. Kamoya alisubiri miaka zaidi ya sitini ndio apewe hiyo digrii.

Video niliifuta. Mathe aliuliza iko wapi, nikamweleza yote, na alikaa kimya kidogo kisha akaniuliza mahindi ya yule mama yalikuwa mangapi. Tulihesabu. Namlipa kidogo kidogo kwa simu, imebaki miezi miwili.

Jiwe nitalipeleka makumbusho Jumatatu. Kuna fomu, mwalimu amenionyesha. Ina mahali pa kuandika lilipatikana wapi hasa, kina gani, kando ya nini. Najua shamba. Hayo mengine sijui.