Kabla ya gundi kulikuwa mshono

Wandugu wasomi, leo nawaletea historia ya kitu tunachokipita kila siku bila kukiangalia: plastiki iliyopasuka kwenye gari ya zamani.

Hapa kwetu Kilembwe parashoki ikipasuka, piesi mpya iko mbali, Baraka ama Uvira, na barabara tunaijua. Basi fundi anapasha msumari kwenye makaa, anatoboa matundu pande mbili za ufa, anashona kwa waya. Wengi wetu wenye lisansi tunacheka, eti ni kazi ya umaskini.

Mimi ni agronomu, na mshono ule niliujua kwanza kwenye kibuyu. Mmea wake, Lagenaria siceraria, asili yake ni Afrika. Sehemu nyingi za bara hili kibuyu kikipasuka hawakukitupa: walitoboa kando ya ufa, wakashona kwa uzi. Plastiki ilipofika, ilikuta dawa yake iko tayari.

Na ilifika namna gani? Leo Baekeland alizaliwa Gent, Ubelgiji, 1863, akahamia Marekani 1889. Mwaka 1907 alitengeneza bakelaiti, mwaka mmoja tu kabla Ubelgiji haijachukua Kongo kuwa koloni. Bakelaiti haipitishi umeme, ndiyo sababu iliwekwa kwenye kifuniko cha delko. Lakini ikishakauka, moto hauiyeyushi tena, unaichoma tu.

Mwaka 1954, Giulio Natta wa Milano alipata polipropilini ngumu. Yeye na Karl Ziegler walipewa tuzo ya Nobel 1963. Hii yenyewe inayeyuka na kuganda tena, na ndiyo iko kwenye parashoki nyingi na maganda ya betri. Ubaya wake ni kwamba gundi ya kawaida haiishiki vizuri. Kumbe waya wa fundi haukuwa ujinga!

Kuna na ABS, plastiki ya vifuniko vingi vya pikipiki. Kuzitofautisha, tia kipande kidogo ndani ya maji: polipropilini kwa kawaida inaelea, ABS inazama. Kisha unaziba ufa kwa joto, ukitumia plastiki ya aina ile ile, maana aina mbili hazishikani. Fanyia inje, moshi wake ni sumu.

Fundi anayejua haya yote hakuyaandika popote. Vijana waliopaswa kujifunza kwake wanakimbilia dhahabu ya Misisi. Vita ikimhamisha kesho, anaondoka nayo kichwani, na sisi tutabaki na diploma zetu kando ya gari iliyokufa.

Wewe uliye Lulenge, Ngandja, Tanganyika ama Mutambala: nenda kwa fundi wa kwenu na daftari. Muulize nani alimfundisha, mwaka gani, kwa gari gani. Hiyo pia ni historia ya Fizi, na kalamu tunayo sisi.