Chuo kipi kwa kijana Myahudi mwenye C+?

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, kamera hukimbilia nyumba za waliopata A. Mwanafunzi wa wastani hubaki na karatasi yake mkononi na maswali ambayo hayana wa kuyajibu. Alama ya C+ ndiyo kizingiti cha shahada nchini Kenya. C- humfungulia mtahiniwa mlango wa stashahada. Aliye na alama hizo ana vyuo vingi vya kuchagua, ila hana nguvu ya kushurutisha chuo chochote kimpokee kwa masharti yake.

Sasa mwongezee kijana huyo jambo moja: kwamba ni Myahudi, anashika Sabato, na wazazi wake wanataka chuo ambako imani yake itaendelea kuishi. Swali hili si geni Marekani, ambako familia za Kiyahudi hulijadili miaka miwili kabla ya mtihani. Katika Afrika Mashariki huulizwa na wachache mno, nao huliuliza kwa sauti ya chini. Hata hivyo wapo: Abayudaya wa Mbale nchini Uganda, jamii ndogo ya Kasuku katika kaunti ya Nyandarua, na waumini wa sinagogi la Nairobi.

Yamumbi, kiungani mwa Eldoret, ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hiyo, na sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi eneo la kujitawala Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo Kongamano la Sita la Wazayoni mjini Basel, kwa kura 295 dhidi ya 178, liliamua kutuma tume ya kuikagua ardhi. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambamo Yamumbi imo. Tume ya watu watatu ilifika mwanzoni mwa 1905. Herzl alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1904, na kongamano lililofuata, la 1905, likaikataa ardhi hiyo. Vitabu vingi huuita mpango huo "wa Uganda", jambo linaloendelea kuwapotosha wanafunzi wetu, kwa kuwa uwanda huo ulikuwa tayari ndani ya eneo ambalo leo ni Kenya. Walioupata uwanda ni walowezi wengine, wakiwemo Makaburu waliowasili 1908. Mji ulioota kwenye shamba nambari 64 wazee wanauita Sisibo hadi leo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Yamumbi anayetafuta uhai wa Kiyahudi anaanza safari yake juu ya ardhi iliyowahi kupendekezwa kuwa makao ya Wayahudi, ilhali vyuo vilivyo karibu naye zaidi havikujengwa kwa ajili ya ibada hiyo. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kiko Kesses, kilomita 35 hivi kutoka mjini. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Kuna pia Eldoret National Polytechnic kwa wanaotaka stashahada na ufundi. Vyote vina makanisa ya wanafunzi na jumuiya za Waislamu.

Ni vyema kueleza maana ya "uhai wa Kiyahudi", maana si suala la bango mlangoni. Sala kamili ya pamoja huhitaji watu wazima kumi, idadi inayoitwa minyani. Waorthodoksi huhesabu wanaume pekee. Madhehebu ya Conservative na Reform huwahesabu wanawake pia. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kuisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Katika muda huo mshika dini haandiki, hawashi moto, wala hapandi gari. Chakula nacho kina sheria zake: nguruwe ni haramu, nyama na maziwa havichanganywi, mnyama huchinjwa na mtu aliyefunzwa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo ngege anafaa, kambare hafai.

Katika masharti hayo, la chakula ndilo jepesi zaidi kwetu, ingawa ndilo linalowatisha wazazi kwanza. Kijana mwenye jiko lake na sufuria zake anaweza kuishi muhula mzima kwa ugali, sukuma wiki, maharagwe, mayai na ngege bila kuvunja sheria. Ugumu umo katika ratiba.

Hapa jiografia inatusaidia kwa namna ambayo wengi hawajaifikiria. Karibu na ikweta jua halina vituko. Eldoret hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika 25 na saa moja kasoro dakika chache mwaka mzima, hivyo mhadhara wa Ijumaa unaoisha saa kumi na moja haumsumbui mtu. Kijana huyohuyo akipata nafasi Boston, mwezi Desemba atakuta jua linazama saa kumi na dakika 12 alasiri, darasa likiendelea. Kwetu shida ni Jumamosi. Vyuo vingi hufundisha wikendi, hasa madarasa ya wanaojilipia karo na wanaofanya kazi, na mitihani huweza kupangwa siku hiyo. Mwanafunzi wa wastani ndiye anayeangukia madarasa hayo mara nyingi, kwa kuwa nafasi za kutwa katika kozi anazozitamani zimekwisha kuchukuliwa na wenye alama za juu. Mzazi anayeangalia jina la chuo tu, bila kuuliza kama kozi ni ya kutwa au ya wikendi, hajachagua bado.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda uhuru wa kuabudu, ikiwemo kuadhimisha siku ya ibada, na kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kesi zilizopimwa mahakamani hazikuwa za Wayahudi. Zilikuwa za Waadventista Wasabato, ambao siku yao ni ileile. Nchini Uganda, wanafunzi watatu waliishtaki Makerere kwa kuweka masomo na mitihani Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama ya Kikatiba, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa yao. Kenya, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwa upande wa Kanisa la Waadventista katika kesi ya wanafunzi wa shule za sekondari. Mbuyu wa mahakama una matawi mawili, basi. Anayevuka mpaka wa Malaba ajue kwamba ulinzi wake unabadilika, na hata asiyevuka asitegemee wakili mahali ambapo barua ya mapema kwa msajili ingetosha.

Chuo ambacho mzazi Myahudi wa Uasin Gishu hatakitaja kwanza, lakini anapaswa kukitazama, kiko kilomita 50 hivi kutoka Eldoret, katika kaunti ya Nandi. University of Eastern Africa, Baraton, ilianzishwa na Waadventista Wasabato na mwaka 1991 ikawa ya kwanza kati ya vyuo vikuu vya binafsi kupewa hati rasmi nchini. Jumamosi hakuna darasa wala mtihani. Jikoni hakuna nguruwe. Chakula cha chuo ni cha mboga na nafaka. Kwa mtazamo wa ratiba na sahani, hakuna chuo kikuu katika uwanda mzima kinachomfaa zaidi kijana huyu.

Lakini Baraton ni chuo cha kanisa, chenye ibada zake na matarajio yake kwa wanaoishi bwenini. Myahudi ataipata Sabato bila kuwapata Wayahudi wenzake: ataisoma sala yake peke yake chumbani huku jirani zake wote wakielekea kwenye ibada isiyo yake. Wapo wanaoimarika kwa upweke wa namna hiyo. Wengi, hasa wasio na wepesi wa masomo na wanaohitaji mtu wa kuwaambia Ijumaa jioni "karibu mezani", huchoka kufikia mwaka wa pili. Mzazi aulize mapema, kwa maandishi, ibada zipi ni za lazima.

Mbale ni kinyume chake. Huko watu wapo. Abayudaya walianza 1919, pale Semei Kakungulu, mwanajeshi na mtawala wa enzi ya ukoloni, alipoamua kufuata dini ya Kiyahudi. Walipigwa marufuku na Idi Amin na kubaki mamia machache tu. Leo ni zaidi ya 2,000. Wengi wao walipitia taratibu rasmi za kuingizwa katika dini mbele ya marabi wa Conservative kuanzia 2002. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles, akatawazwa 2008, na 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Mlima Nabugoye una sinagogi na shule, na uko karibu na mji. Mjini kwenyewe kuna Islamic University in Uganda, iliyofunguliwa 1988, ambayo hupokea wasio Waislamu kwa masharti yake ya mavazi na maadili. Mkenya anayevutiwa na Mbale aulize kwanza jinsi cheti chake cha kidato cha nne kitakavyolinganishwa na kile cha kidato cha sita cha Uganda. Ni swali linalowapotezea vijana mwaka mzima.

Ng'ambo ndiko uhai huo ulikopangwa kitaasisi. Shirika la Hillel lilianzia University of Illinois mwaka 1923, na sasa linahudumia wanafunzi Wayahudi katika vyuo zaidi ya 800: chakula cha Ijumaa, sala, safari, mshauri. Familia za Kimarekani zenye mtoto wa wastani hazihangaiki na Harvard. Hutafuta vyuo vikubwa vya majimbo na vya miji, kama Queens College ya New York, ambako Wayahudi ni wengi kiasi kwamba minyani haisumbui. Mantiki yao ni sahihi hata kwetu: katika chuo kikubwa kuna nafasi ya alama za kati na watu wa kutosha kwa kila imani. Gharama na viza ni mambo mengine kabisa, na utambulisho pia. Desemba 2017 kijana mmoja Mkenya wa jamii ya Kasuku, aliyekuwa na viza ya kwenda kusoma dini Yerusalemu, alizuiwa uwanjani na kurudishwa alikotoka. Kuna mahali ambapo swali la kwanza huwa: je, Uyahudi wako unatambuliwa na nani?

Swali hilo lapasa kuulizwa hata Nairobi. Kusanyiko la Nairobi Hebrew Congregation, la Kiorthodoksi, lilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Sinagogi lake liko kwenye makutano ya Uhuru Highway na University Way, jirani kabisa na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyeingia dini kwa njia ya Conservative, au aliyelelewa katika jamii isiyo na rabi, asidhani atahesabiwa katika wale kumi siku ya kwanza. Aulize kwa heshima, na mzazi awe tayari kwa jibu la polepole.

Na bado, kwa maoni ya mwandishi huyu, Nairobi ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi wa wastani kutoka Yamumbi, kwa sababu moja ambayo haimo katika kijitabu cha chuo chochote: miguu. Siku ambayo mtu hapandi matatu, chuo kilicho kilomita 20 kutoka sinagogini ni sawa na chuo kilicho Kisumu. Bewa la Kenyatta University lililoko Kahawa linaanguka hapo, hata kama kozi inapendeza. Mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi yaliyo upande wa State House Road hayaanguki. Wala Technical University of Kenya, kwenye Haile Selassie Avenue, haianguki; hiyo ni muhimu zaidi kwetu, maana hutoa shahada na pia stashahada, na mwenye C- ana la kuomba. Kutoka hapo hadi sinagogini ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, ukifuata Uhuru Highway.

Anayeomba nafasi kupitia idara ya serikali ya KUCCPS, ambayo hupanga wanafunzi katika vyuo vya umma na vya binafsi, aweke mezani ramani pamoja na orodha ya kozi. Aweke kalenda pia. Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati wanafunzi wapya ndiyo kwanza wanapokelewa na kusajiliwa. Pasaka ya Kiyahudi huangukia Machi au Aprili, msimu wa majaribio ya muhula. Tarehe hizo hujulikana miaka mingi kabla. Barua moja kwa mkuu wa wanafunzi, yenye tarehe zote za miaka minne na saini ya kiongozi wa kusanyiko, ipelekwe wiki ya kwanza. Ikipelekwa siku mbili kabla ya mtihani itasomeka kama kisingizio.

Barua ya pili iende sinagogini kabla ya safari, maana wageni hutakiwa kujitambulisha mapema na kufika na kitambulisho.