Mkonga Ulivyobadilisha Simu za Shimanzi

Ajenti wa mizigo mwenye ofisi Shimanzi, Mombasa, baina ya magodauni na matangi ya mafuta ya bandari ya Kilindini, leo humpigia mteja wake wa Kampala kwa WhatsApp bila kuhesabu dakika. Miaka 25 iliyopita, simu ya nje ilikuwa ya kupima maneno, na kuipitisha kwenye intaneti kulikuwa kuvunja sheria.

Mombasa si mgeni wa nyaya za baharini. Mwaka 1890 iliunganishwa kwa telegrafu na Zanzibar, ambayo tangu 1879 ilikuwa kwenye njia ya mkonga wa kutoka Aden kuelekea kusini mwa Afrika. Lakini intaneti ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, ilitegemea setilaiti.

Telkom Kenya, iliyozaliwa 1999 shirika la posta na simu, KPTC, lilipogawanywa, ilishikilia peke yake mawasiliano ya kimataifa. Mwishoni mwa 2000, kampuni za intaneti zilifungua KIXP jijini Nairobi, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini. Bila kituo hicho, barua pepe ya Mombasa kwenda Nairobi, ikiwa pande mbili zina kampuni tofauti, iliweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Telkom ililalamika, kituo kikafungwa, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Ukiritimba wa Telkom ulikwisha 2004, na baada ya hapo simu za intaneti zikaruhusiwa.

Simu hizo, VoIP kwa jina la kitaalamu, hugeuza sauti kuwa tarakimu na kuikata vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya IP ya kule iendako. Mashine iitwayo ruta huisoma na kuchagua njia. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Mazungumzo yakichelewa hivyo, watu hukatizana. Setilaiti za wakati huo zilikaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi vilimaliza kama nusu sekunde angani.

Nafuu ilikuja 2009. Juni, mkonga wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Julai, SEACOM ukaanza kazi. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za TEAMS hukata kilomita 5,000 hivi hadi Fujairah kwa takriban sehemu moja ya arubaini ya sekunde. Bandari nayo ilikuwa imekwishahamia kwenye kompyuta: forodha kwa mfumo wa Simba mwaka 2005, Mamlaka ya Bandari kwa KWATOS mwaka 2008. Ndiyo maana Februari 2012, nanga ya meli ilipoukata TEAMS karibu na Mombasa, hasara haikuwa ya wapiga soga tu.

Hata hivyo, si kila kikwazo ni cha waya. Mkonga wa TEAMS wenyewe unatoka Falme za Kiarabu, lakini kwa miaka mingi nchi hiyo imezuia simu za WhatsApp, na jamaa wa Mombasa walioko Dubai wamelazimika kutafuta njia nyingine.

Halafu kuna Wi-Fi, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo intaneti. Wi-Fi ni redio fupi tu baina ya ruta na simu yako. Kuta za mabati za godauni huizuia, na watu wengi kwenye ruta moja huibana, hata kama mkonga uko salama.

Basi sauti ikikatika, sogea kwanza karibu na ruta. Ikitulia, tatizo ni Wi-Fi yako. Isipotulia, mpigie anayekuuzia intaneti, na usimuulize megabiti pekee: muulize pakiti zinachelewa kiasi gani na ngapi zinapotea. Hapo ndipo ubora wa simu ulipo.