Kiinua mgongo cha Marekani na siku 21 za kufikiri

Mtu wetu akipunguzwa kazi huku, simu za nyumbani huwa ni zile zile: "Wamekupa chochote? Basi saini uchukue." Leo nieleze kwa nini huku hatusaini haraka.

Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 iliyafanya malipo ya kuachishwa kazi kuwa haki: angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimizwa, hadi miaka 10. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kutoa kiinua mgongo. Akitoa, ananunua kitu: unasaini kwamba hutamshitaki.

Biashara hii iliwaumiza hasa watu wazima. Sheria ya 1967 ilikataza ubaguzi wa umri kazini, na leo inawalinda wenye miaka 40 na zaidi. Lakini mtu akiwekewa karatasi mezani na kusaini, haki iliweza kuishia hapo. Mwaka 1990 Bunge likaweka masharti: apewe siku 21 za kufikiri, au 45 wakipunguzwa wengi pamoja, akishasaini, ana siku 7 za kubadili mawazo, na karatasi itaje wazi haki anayoiacha.

Sasa sikieni kisa cha Dolores Oubre, mfanyakazi wa mtambo wa umeme Killona, Louisiana. Januari 1995 kampuni ya Entergy Operations ilimpa siku 14 tu achague: aboreshe kazi yake au aondoke na malipo. Akasaini, akapokea dola 6,258 kwa mafungu sita. Baadaye akashitaki kwamba aliondolewa kwa sababu ya umri. Kampuni ikajitetea: hela hajarudisha, kwa hiyo mkataba ameukubali. Mahakama za chini zikaafiki. Januari 1998 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 3, ikakataa: karatasi iliyokiuka masharti haimfungi, na aliyeachishwa kazi mara nyingi hela huwa ameshazitumia.

Msidhani kila aliyesaini anapona hivyo. Karatasi ikitimiza masharti, saini inafunga. Na aliye chini ya miaka 40 sheria hii haimpi siku hizo. Kwa hiyo jamaa akiwaambia "bado naisoma", mwacheni asome, atafute na mwanasheria. Bili zinabana, nyumbani mnasubiri, lakini saini ni moja tu.