Wano, Mti wa Mshale

Mara ya kwanza kuona mshale ukinyooshwa nilikuwa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, nilikokwenda kupakia vitunguu. Mzee wa Kihadza alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Aliupitisha mti wa mshale juu ya makaa, akaushika kwa meno, akaupinda taratibu, kisha akafumba jicho moja na kuutazama kutoka ncha hadi ncha. Akarudia, na kurudia tena. Upinde wake ulikuwa umeegemezwa pembeni, na muda wote ule hakuugusa.

Siku ile sikuelewa. Leo naishi Oregon, Marekani, nawinda kwa upinde mrefu wa mbao, na ninajua alichokuwa akikishughulikia. Upinde hutoa nguvu, lakini kinachomfikia mnyama ni mshale. Mti wake, kabla haujatiwa chembe wala manyoya, Kiswahili kinauita wano. Wengi wamelisahau neno hilo, nami nalitumia makusudi.

Mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham alichapisha Toxophilus, kitabu kuhusu ulengaji wa upinde. Humo alitaja miti 15 ya kutengenezea mishale, na akalalamika kwamba mishale ya vita ya zama zake ilitengenezwa kwa mti mwepesi wa jamii ya popla, ilhali mti wa ashi, mzito zaidi, ungefaa kuliko huo. Julai ya mwaka huohuo meli ya vita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth. Katika mabaki yake ilipatikana mishale zaidi ya 3,500, na mingi ilikuwa ya popla. Kumbe Ascham alikuwa akisema jambo aliloliona kwa macho. Ubishi wa mshale mzito na mwepesi, ambao wawindaji wa hapa wanaubishania hadi leo, una umri usiopungua huo.

Huku Marekani habari hii haisimuliwi bila kumtaja Ishi, wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza karibu na Oroville, California, mwaka 1911. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu mjini San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916, na huko daktari Saxton Pope akajifunza kwake kutumia upinde. Ishi naye alinyoosha wano kwa moto na mikono yake. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mzee wa Mang'ola, nikakiweka kitabu chini kwa muda. Watu wawili waliotenganishwa na bahari, na kazi ni ileile. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walifika Tanganyika kuwinda simba kwa pinde, mishale yao ikiwa bado ya mbao.

Mbao iliyopendwa zaidi ilikuwa mwerezi wa Port Orford, unaoota kusini magharibi mwa Oregon na kaskazini mwa California. Ni mwepesi, una harufu kali, na nyuzi zake zimenyooka. Lakini mbao haina pacha. Ukichukua vijiti 12 kutoka gogo moja, kila kimoja kina ugumu wake na uzito wake. Tatizo hilo lilimsumbua Doug Easton, aliyeanza kutengeneza pinde na mishale huko California mwaka 1922. Mwaka 1939 akaanza kujaribu mirija ya alumini, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaiingiza sokoni. Mrija ulioandikwa 2016 una kipenyo cha sehemu 20 za inchi iliyogawanywa mara 64, na unene wa ukuta wa sehemu 16 za inchi iliyogawanywa mara elfu. Mti gani ungekupa hesabu hiyo? Katika miaka ya 1980 kampuni yake ikaunganisha alumini na kaboni katika mrija mmoja.

Hesabu hizo zina kazi kubwa, kwa sababu upinde mrefu hauna dirisha la kupitishia mshale katikati. Mshale hulala ubavuni mwa mshikio, na ugwe unapouachia, wano hupinda, huuzunguka mshikio, kisha hunyooka ukiwa angani. Mwanafizikia Clarence Hickman alilithibitisha hilo katika miaka ya 1930 kwa kamera ya mwendo kasi. Wano mgumu mno haupindi vya kutosha. Kwa anayevuta ugwe kwa mkono wa kulia, mshale huenda kushoto. Dazeni yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Muuzaji aliniuzia ugumu unaofaa pinde za kisasa, nami nikakaa msimu mzima nikilaumu mkono wangu.

Ugumu hupimwa kwa kuulaza wano juu ya nguzo mbili na kuning'iniza uzito katikati. Kwa mbao nguzo huachana inchi 26, na uzito ni ratili 2. Kwa mirija ya sasa ni inchi 28 na gramu 880. Ulioandikwa 500 hushuka nusu inchi.

Upinde wangu huvuta ratili 50. Nimechagua wano wa 500, wenye kaboni ndani na ganda la alumini nje. Kaboni tupu niliiona nyepesi mno. Upinde wa mbao unataka mshale wa kushiba, kama gramu 32 kwa nguvu hiyo, ili nishati iende na mshale badala ya kurudi kwenye mbao na kuipasua. Alumini tupu hupinda ikigonga mti, nayo hubaki imepinda. Mchanganyiko huu umenifaa kwa misimu minne, nami nausifu bila kusita.

Kaboni ina hatari moja ambayo mwerezi haukuificha hivi. Hupasuka ndani kwa ndani, na kwa wano kama wangu ganda la alumini huufunika ufa usionekane. Mshale uliopasuka ukiachiwa unaweza kuvunjika na vipande vyake vikazama mkononi. Kwa hiyo, msomaji, kila unapookota mshale wako, ushike ncha zote mbili, ukunje kidogo huku ukiuzungusha, na utege sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, hata mdogo, uvunje palepale, usiurudishe podoni.