Upare katika Mvutano wa Sultani, Berlin na London

Katika karne ya 19 misafara ya Pangani ilipita kando ya milima ya Upare kwenda Kilimanjaro, na pembe za ndovu zilizoletwa nayo zilitozwa ushuru kwenye forodha za Sultani wa Unguja. Bendera yake nyekundu ilijulikana bara, ila askari wake huko walikuwa wachache mno.

Mwaka 1885 Sultani Barghash alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, akakusanye viapo vya utii kwa wamangi, yaani watawala, wa Uchagga. Muda mfupi baadaye akaja Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Kijerumani ya Carl Peters, akitia saini mikataba Usambara, Upare na Moshi kwa Mangi Rindi. Barghash alipinga. Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya Unguja. London, iliyomhitaji Kansela Bismarck wa Ujerumani katika suala la Misri, ilimshauri Sultani akubali. Aliyemwangusha hasa ni rafiki yake, Uingereza.

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Mpaka ukavutwa kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, kisha ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini. Wapare hawakuulizwa.

Mwaka 1890 Ujerumani ilinunua kutoka kwa Sultani ukanda wa pwani ulio kusini mwa mpaka huo kwa marki milioni 4, na Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mpaka ule ndio unaotenganisha leo Hifadhi ya Mkomazi, ambayo sehemu yake iko wilayani Same, na Tsavo Magharibi ya Kenya.